Wakorea 93,000 walitoka Japani "kwa hiari", ulimwengu ukanyamaza

Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 1959, meli mbili za Umoja wa Kisovieti zilitoka bandari ya Niigata, Japani, na watu 975 ndani. Walikuwa Wakorea na jamaa zao, safari ya Korea ya Kaskazini. Mpaka mwaka 1984, watu zaidi ya 93,000 walipita njia hiyo. Makaratasi yalisema wanarudi kwao kwa hiari.

Neno hilo, wakaaji wa mashariki ya Congo wanalijua sana. Kila mara wakimbizi wanapoambiwa warudi, swali ni lile lile: hiari ya nani?

Karibu wote asili yao ilikuwa kusini ya Korea, si kaskazini, na watoto wengi walizaliwa Japani. Wakati Korea ilikuwa koloni ya Japani, kuanzia 1910 mpaka 1945, wazazi walivuka bahari kutafuta kazi. Wengine walipelekwa kwa nguvu kwenye migodi na viwanda. Mwaka 1952 Japani iliwanyanganya uraia. Kazi ya serkali wakafungiwa. Mwaka 1956, hata msaada wa maskini ulikatwa kwa maelfu yao. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kule kuna nyumba, shule na kazi, atasema nini?

Mbona hakuna inchi iliyozuia? Juu kila mmoja alikuwa na faida yake. Serkali ya Japani ilitaka kupunguza watu iliowaona mzigo. Pyongyang ilihitaji mikono ya kujenga inchi kisha vita, na sifa mbele ya ulimwengu. Marekani, iliyokuwa inatengeneza mkataba mupya wa usalama na Japani, iliacha mambo yaendelee. Korea ya Kusini ilipinga kwa nguvu, lakini haikuwatayarishia watu hao pa kuishi.

Shirika la kimataifa la Msalaba Mwekundu, kutoka Geneva, lilikubali kusimamia. Watu waliulizwa kama wanaenda kwa mapenzi yao. Lakini waliulizwa Niigata, siku chache tu mbele ya kupanda meli, wakati familia zimekwisha kuuza vyombo na kuaga majirani.

Kisha barua zikaanza kufika Japani, zikiomba nguo, sabuni, dawa. Idadi ya wasafiri ikashuka, meli zikasimama kwa muda, kisha zikaanza tena. Waliofika hawakuruhusiwa kurudi. Wengi walishukiwa, wengine wakaishia kambini. Kati yao walikuwa wanawake wa Kijapani karibu 1,800, waliofuata waume zao.

Mwaka 2018, watu watano waliotoroka walishitaki Korea ya Kaskazini mjini Tokyo. Mwaka 2022 walishindwa. Mwaka 2023 korti ya rufaa ilisema tribinali za Japani zina haki ya kusikiliza kesi yao. Wakati huo, wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo sahihi kwenye karatasi haitoshi. Iulizwe: mtu huyu angeweza kubaki? Aliambiwa ukweli wa kule anakoenda? Akikuta mabaya, njia ya kurudi iko? Kwa watu wa Niigata, jibu la maswali yote matatu lilikuwa hapana.