Meli Haizai Biashara

Wako watu wasemao kwamba meli kubwa na bandari pana ndizo zizaazo biashara. Msomaji, usilikubali neno hili. Meli haina shehena yake yenyewe. Hupakia kile tu ambacho mnunuzi ameagiza. Mwaka 2009, fedha zilipoadimika Ulaya na Marekani, idadi ya makontena yaliyosafirishwa duniani ilipungua, na meli kwa mamia zikatia nanga bila kazi. Bahari haikukauka, wala gati hazikubomoka. Iliyokauka ni mifuko ya wanunuzi. Mwaka 2021, watu waliozuiwa majumbani na maradhi ya korona walinunua vitu kwa wingi, na gharama ya kusafirisha kontena moja la futi 40 kutoka Shanghai mpaka Ulaya ikapita dola 10,000.

Sasa itazame Kilindini. Makontena mengi huingia yamejaa, kisha hurudi matupu. Gati jipya ni jambo jema, lakini haliwezi kuyajaza. Yatajazwa na mashamba yetu na viwanda vyetu. Atakaye meli zimfuate, na awe kwanza na kitu cha kuuza.