Msimnyang'anye Mjomba rimoti

Kuna rai imekuwa ikizunguka muhula huu baina ya wanachama wanaorusha ndege ndogo za rimoti, nayo ni hii: kila anayeanza afunzwe modi 2 tu, na yeyote anayerusha modi 1 asikabidhiwe mwanafunzi. Chama chetu ni cha Kiswahili, si cha ndege. Lakini warushaji karibu wote ni wanachama, na anayekusudiwa katika rai hii ni mtu mmoja tu, yule sote tunayemwita Mjomba, ndiye anayetupakia kwenye gari lake alfajiri ya Ijumaa na kutufunza kwa Kiswahili kitupu. Sisi wawili tunaoandika hapa tunakaa Al Khuwair, jengo moja, ghorofa mbalimbali. Mmoja anarusha modi 1, mwengine modi 2. Tunaona rai hii si nzuri, na tunawaomba walimu wetu watuvumilie tukieleza mambo ya vidole kabla ya kufika kwenye mambo ya lugha.

Rimoti ya ndege ina vijiti viwili, kimoja kwa kila kidole gumba. Kila kijiti huenda juu na chini, na pia kushoto na kulia, kwa hivyo zipo njia nne, na ndege ina kazi nne za kufanyiwa. Ya kwanza ni moto, yaani nguvu ya injini (tunasema moto hata kama ni mota ya betri). Ya pili ni pua, kuiinua au kuiinamisha, kazi ya kile kibao kilicholala mkiani kiitwacho eleveta. Ya tatu ni kulaza mbawa upande mmoja, kazi ya eleroni. Ya nne ni usukani, kile kibao kilichosimama mkiani, ambacho hupeleka pua kushoto au kulia kama usukani wa jahazi. Modi ni mpango tu wa kidole gani kinashika kazi gani.

Katika modi 2, mkono wa kushoto una moto na usukani, wa kulia una pua na mbawa. Katika modi 1, kushoto ni pua na usukani, kulia ni moto na mbawa. Modi 3 na modi 4 zipo pia. Modi 3 ni modi 2 iliyotazamwa kwenye kioo, na modi 4 ni modi 1 kwenye kioo hicho hicho. Hizo tuziache, maana hapa kwetu hatujamwona mtu wake.

Sasa tazameni vizuri. Usukani uko kushoto kwa wote wawili, na mbawa ziko kulia kwa wote wawili. Vinavyobadilishana mahali ni moto na pua peke yake. Mtu anaweza kudhani basi tofauti ni ndogo, na kumbe hatari iko hapo hapo. Kama kila kitu kingekuwa pengine, mkono ungeshtuka mara moja. Lakini mtu wa modi 2 akipewa rimoti ya modi 1, anapinda kushoto, ndege inapinda kushoto, anapinda kulia, inatii, moyo unatulia. Kisha ndege inaanza kushuka. Anataka kuinua pua, kidole cha kulia kinavuta kijiti kwake kama kilivyozoea, na anachokata ni moto. Ndege inapoteza mwendo na kushuka zaidi. Anazidi kuvuta. Anakumbuka kuongeza moto, kidole cha kushoto kinasukuma kijiti mbele, na hapo pua inainama kuelekea ardhini. Yote haya huchukua sekunde mbili tatu. Kila alichofanya kilikuwa sahihi kwenye rimoti nyengine.

Ndiyo maana hatubishani na wanaosema kwamba kuchanganya modi ni hatari. Ni kweli kabisa. Tunabishana na dawa waliyoiandika.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba dunia nzima imekwenda modi 2. Marekani ilikuwa hivyo tangu zamani, na sasa droni zimemaliza mjadala: droni za DJI, ambazo kila mpiga picha wa harusi hapa mjini anazo, hutoka kiwandani zikiwa modi 2, ingawa programu yake inakuruhusu kubadilisha. Hoja hii ina uzito. Lakini si ya dunia nzima. Japani kwa miaka mingi imekuwa nchi ya modi 1, Australia pia imekuwa na wengi wa modi 1, na Uingereza zimeishi zote mbili. Wachina wanaiita modi 2 mkono wa Kimarekani na modi 1 mkono wa Kijapani, na hakuna anayesema mkono wa pili si mkono.

Hoja ya pili ni kwamba modi 2 inafanana na ndege ya kweli, kwa sababu rubani hushika fimbo moja yenye pua na mbawa pamoja. Sawa. Lakini rubani huyo usukani anaukanyaga kwa miguu, na amekaa ndani ya ndege, hakusimama mchangani akiitazama kwa mbali. Watu wa modi 1 nao wana hoja yao: pua na mbawa zikiwa mikono tofauti, kidole kinachovuta pua hakiwezi kuteleza kidogo pembeni na kulaza bawa bila kukusudia. Wanaopenda michezo ya hewani, mizunguko na kupinduka, wanaijua faida hiyo. Mmoja wetu anaapa kwa hoja hii. Mwengine anasema ni mazoea tu yaliyovalishwa kanzu.

Tunavyoona sisi, swali la modi ipi ni bora ni kama kuuliza ni upande gani bora wa barabara. Unguja watu wanaendesha kushoto, Muscat kulia, na wazee wetu wengi wameendesha kote kuwili. Mzee akifika hapa siku ya kwanza, akitaka kupinda anawasha waipa badala ya taa, kwa kuwa vijiti vya pembeni mwa usukani vimehamishana. Watoto nyuma wanacheka. Baada ya wiki moja mkono umeshajua. Tofauti ni kwamba barabarani lazima wote tuwe upande mmoja, la sivyo tutagongana. Hewani kila ndege ina rimoti yake, na modi ya jirani yangu hainigusi mpaka siku anaponipa rimoti yake mkononi.

Na siku hiyo ndiyo ya kushughulikia. Wanaosema "si unabadilisha tu kwenye menyu" wanatupa wasiwasi kuliko Mjomba. Rimoti za sasa kweli zina menyu ya modi. Lakini kijiti cha moto hakina springi ya kukirudisha katikati. Kinabaki pale ulipokiacha, kwa sababu injini inatakiwa ibaki na nguvu uliyoipa. Kijiti cha pua kina springi, ukikiachia kinarudi katikati na ndege inakaa sawa. Ukibadilisha modi kwenye menyu bila kuhamisha springi, utakuwa na pua inayobaki ilipoachwa na moto unaojirudisha nusu. Rimoti nyingi unapaswa kuzifungua nyuma kwa bisibisi au kugeuza skrubu maalumu. Hiyo si kazi ya kufanya jangwani, jua linachomoza, watu watano wanasubiri zamu.

Dawa yetu ni nyengine, nayo si mpya. Rimoti mbili zinaweza kuunganishwa kwa waya, au bila waya kwa zile za karibuni, moja ya mwalimu na moja ya mwanafunzi. Mwalimu anashika swichi; mambo yakiharibika anaiachia na ndege inarudi mikononi mwake. Jambo ambalo wenye rai hawakulisema ni hili: kinachopita kwenye ule waya si mwendo wa kidole, ni amri iliyokwisha kutafsiriwa, inua pua kiasi hiki, punguza moto kiasi hiki. Kwa hivyo zikipangwa vizuri na kujaribiwa chini kabla ya kuruka, mwalimu anaweza kuwa modi 1 na mwanafunzi wake modi 2, kila mmoja na rimoti yake, na ndege isijue. Mjomba hahitaji kuacha mkono wake, na aliyeanzia kwenye droni hahitaji kuacha wake.

Hapa tunafika kwenye lugha, na hapa ndipo tunapodhani chama chetu kina la kusema kuliko mafundi. Mafunzo mengi tunayoyasikia hutaja kidole: vuta kushoto, sukuma kulia, nyanyua kijiti. Hiyo ni lugha ya modi moja. Mwanafunzi wa modi nyengine akiisikia, anafanya kinyume na anachotaka mwalimu, tena kwa utiifu. Mjomba hasemi hivyo. Mara zote tulizokuwa naye hatujamsikia akitaja kijiti. Anataja ndege: inua pua, punguza moto, laza kulia, iweke sawa. Mara nyengine husema "inua omo", kwa sababu baba yake alikuwa baharia na kwao chombo chochote kina omo mbele na tezi nyuma. Mwanafunzi akisikia "inua pua", kila mmoja anajua kidole chake mwenyewe kiko wapi.

Hii si ajabu kwa Kiswahili. Neno rubani lilikuwa la mwongoza chombo baharini kabla halijapanda ndege, na usukani ulikuwa majini kabla haujaingia kwenye gari. Mabaharia walipotaka kutaja pande za chombo waliutazama upepo na tanga, wakasema upande wa goshi na upande wa demani, kwani kulia kwako si kulia kwangu kama tumeelekeana. Na tatizo hilo hilo tunalo sisi kila Ijumaa. Ndege ikiwa inakuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na waanzaji wengi huangusha hapo, modi yoyote. Mjomba ana maneno yake: "liegemeze bawa lililoshuka". Yaani sukuma kijiti cha mbawa upande ule unaoliona bawa limeshuka, kama unaliwekea mti wa kuliegemeza, na ndege itakaa sawa. Ukifikiri kulia na kushoto umechelewa. Maneno matatu, na yanafaa kwa mkono wa Kijapani na wa Kimarekani.

Sisi tuliozaliwa hapa Kiswahili tumekipata nyumbani, kwa mama na bibi, kwenye chakula na maulidi na kugombezwa. Maneno ya ufundi hatukupewa, kwa sababu skuli ilikuwa Kiarabu na Kiingereza. Ijumaa za Mjomba ni mahali pekee tunapolitumia neno kama skrubu, bisibisi, springi na mkazo wa waya kwa kazi yake. Akiondolewa, atakayechukua nafasi yake atafunza kwa Kiingereza. Tunawajua wote wanaoweza kuichukua, ni rafiki zetu, na hivyo ndivyo wanavyofunza.

Tunayopendekeza kwenye mkutano ni haya. Kila rimoti ibandikwe kipande cha plasta nyuma kikiandikwa modi yake kwa herufi kubwa. Asipewe mtu rimoti ya mwenzake hewani bila ule muungano wa mwalimu na mwanafunzi. Anayeanza kabisa achague modi ya yule atakayesimama naye mara nyingi zaidi. Hatuoni sababu nyengine yenye maana. Na kabla ya kwenda uwanjani afanye mazoezi kwenye programu ya kompyuta nyumbani, maana hapa Al Khuwair hakuna pa kurusha, pamejaa wizara, balozi na ile nguzo ya bendera ya mita 126, na hata jangwani tunakwenda kwa kibali.

Mjomba mwenyewe ameisikia rai hii. Hakukasirika. Alituuliza kama waya wa kuunganishia rimoti yake ya zamani bado unauzwa, tukamwambia tutautafuta.