Kupatana kwa Hofu si Kupatana

Wako watu wasemao: "Ugomvi wote umalizwe mbele ya wazee, mahakama ni ya wenye fedha." Neno hili twalisikia Mangobo, twalisikia Lubunga, na mara nyingi wanaolisema ni watu wema. Lakini tulipime.

Sisi hatukatai mapatano. Majirani wakigombania mpaka wa shamba, hukumu itampa mmoja shamba na kuwaachia wote wawili uadui. Wazee wakiwapatanisha, kesho watasalimiana. Sheria yenyewe yalijua jambo hili. Sheria ya Jamaa ya 1987 yamtaka hakimu ajaribu kuwapatanisha mume na mke kabla ya kuwaachanisha. Sheria ya Kazi ya 2002 yataka mfanyakazi na bwana wake wafike kwanza kwa mkaguzi wa kazi. Wasipopatana, ndipo waende mahakamani.

Liangalieni neno hili "ndipo". Bwana wa kazi ajua kwamba akimdhulumu mtu wake, hakimu yupo. Uufunge mlango huo, na mwenye nguvu atasema: "Chukua hiki, au ukose vyote." Mnyonge atachukua. Kuku akipatana na mwewe, nani ameshiba?

Na katika Tshopo mlango huo uko mbali. Jimbo letu lina karibu kilometa za mraba 200,000. Rwanda na Burundi pamoja zingeingia humo mara tatu na nafasi ibaki. Mjane wa Opala au wa Bafwasende adaiye shamba la marehemu mumewe ana njia ya matope, mtumbwi, siku nyingi za kulala kwa watu, karatasi za kulipia, tena avoka. Basi apokea chochote wanachompa mashemeji, nasi twasifu amani ya ukoo!

Tena kuna jambo baya kuliko hilo. Binti anajisiwa, baba apokea mbuzi na fedha, maneno yamekwisha. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zilikataza kesi ya namna hii kuzimwa kwa faini. Mapatano yale yamefunika aibu ya wazazi; binti hakuulizwa.

Wengine watatuuliza: je, Lubunga? Mwezi wa Februari 2023 Wambole na Walengola walianza kupigana kwa ajili ya ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Upande mmoja uliitoa, upande wa pili ukasema nchi ni yao. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbia, wengi wakiuvuka mto kuja mjini. Wazee na mahakimu walihitajiwa wote wawili pale, tena kabla karatasi haijatiwa sahihi.

Kwa hiyo twadai: hakimu atoke mjini awafuate watu vijijini kwa siku zinazojulikana. Mapatano ya wazee yaandikwe, yasomwe kwa lugha ya wagomvi, na wanawake waulizwe kwa kinywa chao wenyewe. Na yule akataaye asiitwe mkorofi. Mkuu wa kijiji ampe barua aende nayo mahakamani.