Mbele ya daktari wa akili, mwacheni mgonjwa aseme mwenyewe

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wetu wameikariri na kupata alama. Mimi nami ni mmoja wa walioifundisha. Hata hivyo, mwaka 2019 nilisaidia kuficha maradhi ya mtu ninayempenda, tena mbele ya daktari yuleyule aliyekuwa akiyatafuta, na chombo nilichokitumia kuyaficha ni kile ninacholipwa mshahara kukifundisha, yaani lugha.

Shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, aliolewa ng'ambo ya mto Athi, katika Kitui Kusini, ilhali sisi tulibaki upande wa Makueni. Alipofiwa na mumewe aliacha kwenda shambani, kisha akaacha kwenda kanisani, hatimaye akaacha kulala. Jamaa walinena mengi. Kuna waliosema ni aimu, yaani pepo, wakataka ichezwe ngoma ya kilumi. Kuna waliotaka maombi ya usiku kucha. Na kuna waliosema mjane huyu anajidekeza. Muuguzi wa zahanati ya karibu ndiye aliyeandika barua ya kumtuma kwenye kliniki ya magonjwa ya akili katika hospitali kubwa. Nikaombwa niandamane naye, kwa hoja kwamba mimi nimesoma.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa sehemu nyingine ya nchi, asiyejua Kikamba. Kiswahili cha shangazi ni cha sokoni: kinatosha kuuza pojo na kununua sukari, lakini hakitoshi kueleza majonzi. Nikajitolea kuwa mkalimani. Maswali ya mwanzo yalikwenda vyema: umri, watoto, chakula, usingizi. Kisha daktari akauliza kwa upole: “Mama, kuna wakati umewaza kuyatoa maisha yako?”

Nami nikatafsiri: “Anauliza kama huwa unachoka.”

Shangazi alijibu kwa kirefu. Alisema moyo wake umekauka kama kisima cha mchangani katika mto Tiva mwezi wa Septemba, na kwamba kila jioni hutamani asiione asubuhi. Nilimgeukia daktari nikamwambia: “Anasema amechoka tu.”

Daktari aliweka kalamu mezani. “Mwalimu,” aliniambia, “mama amezungumza kwa dakika nzima, nawe umenipa maneno matatu. Mengine yako wapi?”

Nilinyamaza. Mimi nami huitwa daktari, ijapokuwa udaktari wangu ni wa sarufi, na sikuwa na la kujitetea. Aliniomba nitoke nje, akamwita muuguzi mmoja mwenyeji wa Mwingi, wakakaa na shangazi karibu saa nzima. Alipotoka, shangazi aliniambia neno ambalo sijalisahau: “Huyu ameniuliza vizuri. Wewe ulikuwa ukiniuliza kama mtu anayeuliza njia.”

Kwa nini nilifanya vile? Sababu ya kwanza ni heshima. Kwetu mpwa hamtamkii shangazi yake habari za kifo chake mwenyewe. Sababu ya pili ilikuwa hofu ya sheria. Wakati ule kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ingawa kuwaza si kujaribu, mtu mwenye hofu hapambanui mambo hayo. Kifungu hicho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakiuka Katiba mwezi wa Januari 2025, katika uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi. Sababu ya tatu, na ndiyo inayoniaibisha zaidi, ni kwamba sikutaka ukoo wetu uandikwe katika daftari la wagonjwa wa akili.

Nimeyasimulia haya kwa kuwa naamini wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, tunauogopa mlango wa daktari wa akili kwa sababu hatujui yaliyomo ndani yake. Basi na niyaeleze, ili atakayeandamana na mwanafunzi wake, mzazi wake, au nafsi yake mwenyewe, aende akijua.

Kwanza, yamkini mtu wa kwanza kukutana naye hatakuwa daktari bingwa. Mabingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Katika kaunti zetu aghalabu utapokelewa na muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea fani hiyo, naye bingwa atakuja baadaye ikihitajika. Usidhani umedharauliwa.

Pili, utaulizwa maswali mengi kuliko unavyoulizwa ukiwa na malaria. Ni nini kilichokuleta, na kilianza lini? Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi? Hamu ya chakula iko? Masomo au kazi inaendeleaje? Unakunywa pombe, unatafuna miraa au muguka? Unatumia dawa gani nyingine? Katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua hivi? Muda una uzito wake. Huzuni ya siku mbili ni ya kila binadamu. Lakini huzuni inayokaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, ikamnyima mtu usingizi, hamu na nguvu za kazi, hiyo daktari ataichunguza kama ugonjwa wa sonona. Utapimwa mwili pia, na huenda damu ikachukuliwa, maana upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingoni huweza kuleta dalili zinazofanana na za sonona. Usishangae ukiulizwa leo ni tarehe gani, au ukitakiwa kukumbuka maneno matatu baada ya dakika chache. Hapo hakuna anayekudhihaki; ndivyo umakini na kumbukumbu zinavyopimwa.

Tatu, utaulizwa kama umewahi kuwaza kujiua. Swali hili huulizwa wagonjwa wengi, wala halina maana kwamba daktari amekushuku. Utafiti umeonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo, na wengi huona nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Ukiwa na mawazo hayo leo, usingoje miadi: mwambie mtu unayemwamini, mwende pamoja katika hospitali iliyo karibu, hata ikiwa ni usiku.

Nne, si lazima utoke siku hiyo na jina la ugonjwa, wala si lazima utoke na dawa. Wapo wanaotibiwa kwa mazungumzo, wapo wanaopewa vidonge, na wapo wanaohitaji yote mawili. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu kamili, kwa hiyo anayezitupa baada ya siku nne kwa kuwa “hazifanyi kazi” amejidhulumu. Na anayeziacha ghafla akishapata nafuu naye anajitia mashakani. Una haki ya kuuliza dawa ni ya nini, ina madhara gani na itatumika hadi lini. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika mpango wa matibabu yake na haki ya siri yake kutunzwa. Siri hiyo ina mipaka pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini, lakini haikusudiwi kuwafikia majirani wala mwalimu mkuu.

Sasa nirudi kwenye fani yangu. Daktari wa mifupa ana picha ya eksirei. Daktari wa akili, hata akiwa na maabara, hutegemea zaidi maneno ya mgonjwa na hali anayoiona kwa macho. Husikiliza kasi ya usemi, namna sentensi zinavyoshikamana, mahali mtu anaponyamaza, na neno analolirudia. Kwa hiyo mgonjwa anayelazimishwa kujieleza kwa lugha asiyoimudu huweza kuonekana mzito wa fikira ilhali mzito ni ulimi tu. Na yule ambaye jamaa yake anamsemea, kama nilivyofanya mimi, hana hata usemi wa kusikilizwa. Katika chumba hicho lugha ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matakwa ya anasa. Madaktari hutumwa kila kaunti, na haiwezekani kila mmoja ajue lugha ya kila kijiji. Nakubali. Lakini sidai kila daktari ajifunze Kikamba. Nadai mambo mawili yasiyo ghali. Barua ya kumtuma mgonjwa itaje lugha anayoimudu vyema, kama inavyotaja umri wake. Na hospitali ziwatenge wauguzi wachache wenyeji, wafunzwe ukalimani wa kazi hii, ili jamaa wa mgonjwa asaidie kwa historia yake bali asimsemee. Kwamba jamii yetu inaweza kushirikishwa tumekwisha kuona. Katika Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua dalili za maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa katika vituo vya afya, ambako wauguzi na maafisa wa kliniki walitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Ikiwa mganga wa kienyeji, yule tumwitaye mundu mue, aliweza kuingizwa katika kazi hiyo, seuze muuguzi aliyekwisha kuajiriwa?

Walimu wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Neno “mwendawazimu” tunalolitupa ovyo darasani limebeba mizimu ndani yake. Linamwambia mgonjwa kwamba hayuko tena miongoni mwetu. Jina la Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910, tumeligeuza tusi la uwanjani, kana kwamba kutibiwa ni fedheha. Mwanafunzi anayesikia hayo kwa miaka yake yote ya sekondari, siku usingizi wake ukimtoroka atamwambia nani? Kiswahili kina njia nyingine. Tunasema moyo unasononeka, na neno “sonona” limetoka huko huko. Ni neno la maumivu, nayo maumivu hayana aibu. Tulitumie.

Shangazi alirudi kliniki mara nyingi mwaka ule na uliofuata. Kuna miezi alisimama vizuri na kuna miezi alirudi nyuma. Leo analima pojo zake, na akiulizwa hali yake hujibu kwa kirefu kama zamani. Nami nikipewa tena kiti cha mkalimani katika chumba kile, nitakikataa. Nitakaa nje kwenye benchi, nimshikie mkoba wake, nimwache aseme.