Mtoto mdogo hudhani mama anajua kila kitu

UTAMSIKIA mama akimwonya mtoto wa miaka mitatu: "Ukilamba sukari Mungu anakuona!" Yaya naye akishindwa kumlaza, humwambia kuwa zimwi liko nyuma ya pazia, au kwamba daktari yuko njiani na sindano yake. Kufikia jioni mtoto huyo analindwa na macho mengi kuliko benki. La kusikitisha ni kwamba ni wazazi wachache waliowahi kujiuliza ikiwa mtoto wa umri huo anaelewa maana ya kuonwa, na tofauti kati ya anayejua jambo na asiyelijua.

Hebu fanya jaribio hili nyumbani, mpenzi msomaji. Chukua mkebe wa biskuti, utoe biskuti na utie vifungo vya shati. (Kama mkebe wenu ni ule wa kuwekea nyuzi na sindano, kama ilivyo katika nyumba nyingi, tafuta mwingine.) Mwonyeshe mtoto kilichomo, ufunike, kisha umuulize: "Baba hajaufungua mkebe huu. Akiuona, atadhani ndani mna nini?" Mtoto wa miaka mitatu aghalabu atasema vifungo. Yeye anajua ni vifungo, basi na baba anajua. Akitimu miaka mitano hivi atacheka na kusema baba atadhani ni biskuti.

Wataalamu Wimmer na Perner walichapisha uchunguzi wa aina hii mwaka wa 1983 huko Austria. Wengine walidhani ni mambo ya watoto wa Kizungu tu, hadi Avis na Harris walipoutoa mwaka wa 1991 uchunguzi wao miongoni mwa Wabaka, watu wa msituni kusini mashariki mwa Cameroon. Huko mtu mzima aliacha kokwa za maembe katika chombo akatoka nje, na mtoto akaombwa azihamishe. Je, mwenyewe akirudi atazitafuta wapi? Watoto wa miaka mitano walijibu sawasawa: atazitafuta pale alipoziacha.

Sasa njoo kwa Mungu na zimwi. Mwaka wa 2001, Barrett na wenzake waliwaonyesha watoto wa Marekani paketi ya biskuti iliyotiwa mawe. Wale wadogo walisema mama atajua ni mawe, na Mungu atajua pia. Waliofika miaka mitano walisema mama atadanganyika, lakini Mungu hatadanganyika. Mwaka wa 2004 jambo hilo lilipimwa kwa watoto wa Kimaya huko Yucatán, Mexico, kwa kibuyu cha kuwekea chapati za mahindi kilichotiwa nguo, na mwelekeo ukawa ule ule. Wamaya wana mizimu ya msituni pia, na watoto wakubwa kidogo hawakuipa mizimu hiyo ujuzi sawa na wa Mungu. Wataalamu wa Ugiriki wamepinga sehemu ya hoja hii, wakisema kwamba mtoto mdogo kabisa humwona Mungu kama binadamu mwingine tu, anayeweza kutojua. Ubishi huo ungaliko, lakini pande zote zinakubaliana kwamba kabla ya miaka mitano hivi, mtoto bado hajawatenganisha vizuri.

Kwa hivyo yale maonyo ya "unaonwa" hayamwongezei mtoto wa miaka mitatu maarifa yoyote. Yanamwongezea woga. Sisemi usimfundishe dini, mfundishe. Ninalopinga ni kumfanya Mungu askari wa sukari, na kumfanya daktari zimwi. Mtoto aliyetishwa kwa sindano mwaka mzima ndiye huyo utakayemburura akilia mlangoni mwa zahanati siku ya chanjo. Vivyo hivyo, kumchapa mtoto wa umri huo eti kwa sababu amekana kulamba sukari ilhali midomo imejaa chembechembe ni ukatili bure. Kukana anaweza, lakini ufundi wa kuuficha uongo bado hana.

Kuna jambo zito zaidi linalonitia wasiwasi. Ikiwa mtoto anaamini kuwa mama anajua anachokijua yeye, kuna haja gani ya kumwambia? Sikio linamuuma, anangoja mama achukue hatua. Jirani amemshika mahali pasipofaa, na mama hasemi neno. Naona ni rahisi mtoto kudhani kwamba mama anajua na ameridhika. Basi muulize mwanao kila siku, kwa maneno wazi: "Mimi sikuwepo, sijui. Niambie." Ukisikia lolote la kutisha, simu ya Childline Kenya ni 116, bila malipo.

Mazungumzo hayo yana kazi nyingine. Huko Australia, Peterson na Siegal walionyesha mwaka wa 1995 kwamba watoto viziwi waliolelewa na wazazi wanaosikia, wasiopata lugha ya ishara mapema, huchelewa kuelewa fikira za wenzao. Si kwamba hawana akili. Hawajapata mtu wa kuzungumza naye mambo ya moyoni. Na katika visiwa vya Samoa, uchunguzi wa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba watoto wengi walifaulu jaribio walipofika miaka minane, nao ni wazima kabisa.

Kwa hivyo mwanao wa miaka mitano akisema vifungo usishtuke. Lakini akiwa pia haongei kama wenzake, hageuki akiitwa jina na hachezi na wengine, mpeleke akapimwe masikio kwanza, kisha umuulize daktari kuhusu usonji. Mkiwa njiani mwambie mtoto ukweli: daktari hajui panapokuuma, tunakwenda kumwambia.