Siku Tano za Rufaa ya Mpangaji Texas

Texas, kesi ya kumtoa mpangaji husikilizwa kwanza na hakimu wa amani, na rufaa hukatwa ndani ya siku tano tangu hukumu kutiwa saini. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo katika hesabu. Ila siku ya tano ikikuta mahakama imefungwa, muda husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Rufaa hupelekwa kwa karani wa mahakama ileile, kwa dhamana, kwa fedha taslimu, au kwa fomu ya kiapo cha kutomudu gharama. Kwa familia za Wakongo zilizopokewa Houston, Fort Worth au Abilene kama wakimbizi, mara nyingi fomu hiyo ndiyo njia pekee iliyo wazi. Mwenye nyumba ana haki ya kuipinga, kwa hiyo hati za mshahara na za msaada wa chakula ziwekwe tayari.

Mtego mkubwa ni kodi. Aliyeshtakiwa kwa malimbikizo akakata rufaa kwa kiapo hutakiwa kuweka mahakamani kodi ya mwezi mmoja ndani ya siku tano baada ya kuwasilisha fomu. Fedha hizo zikienda kwa mwenye nyumba, hata kwa nia njema na kwa risiti, sharti halijatimizwa, na amri ya kumtoa mpangaji yaweza kutoka kabla rufaa haijasikilizwa. Miezi inayofuata, kodi hulipwa kwenye mahakama ya kaunti, ambako rufaa husikilizwa, ndani ya siku tano tangu tarehe yake.

Kwenye kaunti kesi huanza upya: mashahidi, picha za ukuta wenye ukungu, risiti, vyote huletwa tena. Aliyejitetea kwa mdomo tu kule chini ana siku nane tangu jalada lifike kaunti kuwasilisha jibu la maandishi, la sivyo aweza kushindwa bila kusikilizwa. Huo ni urasimu mkali kwa mtu anayesoma Kiingereza kwa shida. Mkalimani aombwe mapema. Lone Star Legal Aid, upande wa Houston, husaidia wenye kipato kidogo bila malipo.

Rufaa ikishindwa, konstebo hubandika mlangoni ilani ya angalau saa 24. Vyombo haviruhusiwi kutolewa nje mvua au theluji ikinyesha.