Spinachi, Bakteria na Woga wa Mionzi

Mwaka 2006, spinachi mbichi ya California, iliyofungwa vizuri mifukoni, iliwafanya Wamarekani wapatao 200 waugue, na baadhi walifariki. Chanzo kilikuwa bakteria wa E. koli, wanaoweza kujipenyeza ndani ya jani, maji ya bomba yasiwafikie.

Miaka miwili baadaye serikali ya Marekani iliruhusu spinachi ipigwe mionzi. Miale ya gama kutoka kobalti-60 hupenya mfuko na kukatakata vinasaba vya bakteria. Jani halibaki na mionzi, kama vile mgonjwa asivyotoka nayo katika chumba cha eksirei.

Hata hivyo wanunuzi wengi husita wakiona radura, alama ya kijani inayoonyesha kuwa chakula kimepigwa mionzi. Ajabu! Pilipili manga imeruhusiwa kupigwa mionzi nchini humo tangu miaka ya 1980, na watu huinyunyiza kwenye supu bila woga.